Chemba ya mafuta ipo, maji ya mvua bado yanatoka machafu

Msimamizi_Yadi
Habari wadau. Uwanja wa vyuma chakavu, mita za mraba 2,000, nusu zege na nusu changarawe iliyoshindiliwa. Maji yake, pamoja na ya paa la bati la mita za mraba 800, yanapita chemba ya kutenganisha mafuta (vyumba vitatu, lita 6,000, kina mita 1.5) kisha yanaingia mtoni. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi hutoka meusi, utando wa mafuta juu. Maabara wanasema chembe za tope miligramu 640 kwa lita, zinki 2.1. Tujenge chemba ya pili?

Mpima_Mitaro
Piga hesabu kabla ya kununua tofali. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 40 kwa saa, ukitoa asilimia 10 inayopotea (changarawe inayokanyagwa na malori hainyonyi kitu cha maana), inakuletea lita 28 kwa sekunde. Maji yanakaa chembani dakika tatu na nusu tu, na tone la mafuta la maikroni 60 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) linataka zaidi ya saa moja kupanda mita 1.5. Chemba ya pili kama hiyo itakupa dakika saba. Hela imeenda bure.

Lita 8 kati ya hizo 28 ni za paa. Ziondoe kwa mfereji wake, ila kwanza kinga sampuli kwenye mdomo wa gata: bati lisilopakwa rangi hutoa zinki lenyewe.

Bomba_Polepole
Mkuu hapo juu kasema kweli. Uchafu mwingi wa uwanjani huja na milimita za mwanzo, kwa hiyo kamata hizo. Milimita 10 za uwanja ni mita za ujazo 20: jenga tangi la ukubwa huo kabla ya chemba, na valvu ya boya inayofunga likijaa ili maji ya baadaye yapite pembeni. Acha litulie saa 24, kisha vuta nusu lita kwa sekunde kupitia chemba uliyo nayo. Tangi linaisha kwa saa 11 hivi, na kila lita inakaa chembani zaidi ya saa tatu. Mdomo wa kunyonyea uwe sentimita 30 juu ya sakafu, usije ukavuta tope. Tumia pampu ya kiwambo, inayosukuma maji taratibu kwa utando unaokwenda mbele na nyuma. Ile ya panga inayozunguka kwa kasi inasaga mafuta kuwa matone madogo yasiyopanda.

Msimamizi_Yadi
Asanteni. Vijana huosha zege kwa sabuni kila Jumamosi, maji yanaingia chemba hiyohiyo. Ina shida?

Mpima_Mitaro
Kubwa kuliko yote! Sabuni inachanganya mafuta na maji yawe kama maziwa, na hapo chemba haina kazi. Mwagieni maranda ya mbao, fagieni yakiwa makavu, yahifadhiwe kama taka ya mafuta. Fungua pia mfuniko uangalie kiwiko cha bomba la kutokea: mdomo wake lazima uzame chini ya utando. Kikivunjika, mafuta ya juu ndiyo yanayotangulia kutoka. Nyonya tope likifika robo ya kina, kisha jaza maji safi kabla ya mvua. Chemba tupu inapitisha mafuta yote ya mwanzo.

Chupa_na_Asidi
Kuhusu zinki, omba vipimo viwili: ya jumla, na ya maji yaliyochujwa kwa maikroni 0.45. Ikiwa nyingi imeyeyuka, hakuna tangi litakaloituliza. Ezeka marundo ya chenga za chuma, kwa kuwa hizo zikinyeshewa hutoa metali haraka kuliko vipande vikubwa. Chujeni kabla ya kutia asidi ya naitriki inayohifadhi sampuli, la sivyo asidi inayeyusha chembe na kipimo kinadanganya. Sampuli ya mafuta iingie chupa ya kioo moja kwa moja toka bombani, ndani ya dakika 30 za mwanzo. Plastiki hushika mafuta ukutani, na karatasi ya maabara itasoma safi kuliko mto.