Naomba ushauri: kiwanda cha kuyeyusha betri kimetuajiri, ila moshi unatumaliza

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana kichwa kimejaa. Nakaa Mkuranga, mtaani kwetu kuna kiwanda kinayeyusha betri chakavu za magari kinatoa madini ya risasi (lead), wanawasha tanuru usiku watu tumelala, moshi unaingia hadi ndani na asubuhi bati zina vumbi jeusi, na maji ya kunywa tunakinga hukohuko batini. Mwanangu wa miaka mitatu analalamika tumbo kila siku na hali chakula vizuri, hospitali wanampa dawa za minyoo tu.

Sasa shida ni kwamba mdogo wangu kaajiriwa palepale na ndo anamsomesha mtoto wake, vijana kibao pia wanakula pale, nikiongea naonekana adui wa maendeleo. Mimi sitaki kifungwe jamani, nataka wafunge vichujio kwenye bomba na wasimwage maji ya asidi mtaroni, basi.

Nimesoma ya Owino Uhuru, mtaa wa kule Mombasa uliokuwa na kiwanda cha betri kama hiki, wananchi walienda mahakamani na 2020 wakashinda fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ila watoto walishaumia na sumu ya risasi. Sheria yetu ya Mazingira ya 2004 nayo inatupa haki ya mazingira safi.

Naanzia wapi, serikali ya mtaa au NEMC (baraza la mazingira la taifa) moja kwa moja? Na kipimo cha risasi kwenye damu ya mtoto kinapatikana wapi, kwa aliyewahi kupima? Nimtoe mdogo wangu kwanza au?