Naomba ushauri: mchezo wa Achilles niumalizie wapi?

Mwalimu_wa_Zamu
Wakuu, habari za usiku. Nafundisha fasihi sekondari. Jumamosi ijayo wanafunzi wangu wanaigiza mbele ya wazazi mchezo nilioutoa kwenye Iliad, utenzi wa Wagiriki wa kale. Nimekwama mwishoni. Niishie pale Achilles, shujaa wa Wagiriki, anapomuua Hector wa Troy kulipa kisasi cha rafiki yake Patroclus, au niendelee mpaka mzee Priam, mfalme wa Troy na baba wa Hector, aje kuomba maiti ya mwanawe? Nina dakika 40 tu. Usingizi sipati, nisaidieni.

Kisiki
Ishia kwenye pigano mkuu. Sisi tulipoigiza Vita vya Majimaji jukwaa lilivunjika katikati ya mapambano, wazazi wakapiga makofi wakidhani ndio mchezo wenyewe. Mpaka leo kijijini naitwa Mjerumani.

Bi_Mkubwa77
Ukikata hapo umeua utenzi, mwalimu. Neno lake la kwanza ni ghadhabu, na vitabu vyote 24 vinatafuta ghadhabu hiyo itatulia wapi. Kumuua Hector hakukumtuliza Achilles. Patroclus keshazikwa, lakini yeye usiku anagaagaa, kukicha anaifunga maiti nyuma ya gari lake la farasi na kuiburuta kuzunguka kaburi mara tatu. Kisasi kalipa, uchungu uko palepale. Anayelikata tukio la Priam hakosi dakika. Unakwepa nini?

Shemasi_J
Vijana hawafundishwi kusamehe siku hizi. Jirani yangu alisogeza mpaka wa shamba, nikamwachia Mungu. Leo tunachota maji kisima kimoja.

Mwalimu_wa_Zamu
Bi Mkubwa, kuna jambo sikulisema. Mdogo wangu aligongwa na lori mwezi wa tatu, akafa. Dereva, kijana tu, naye alifia palepale. Baba wa huyo dereva keshakuja nyumbani mara mbili. Mara ya pili alikaa barazani, kofia magotini, mpaka chai ikapoa. Sikutoka chumbani.
Juzi mazoezini, kijana anayecheza Priam alipiga magoti, akaibusu mikono ya mwenzake, mikono iliyomuulia watoto wake. Nikatoka nje. Jioni nikalifuta tukio lote. Nakala mpya nimeshachapa, na mtu ana haki ya kuchagua mwisho wake. Nauliza tu kama wazazi wataelewa.

Mpelelezi_Kitaa
Hii chai. Ndugu kafa, mzee kaja kubembeleza, na mwalimu yuko jukwaani na hadithi hiyohiyo? Umepanga mno mzee.

Kisiki
Hata mimi nimeanza kushtuka. Lori la nani? Barabara gani?

Mama_Tatu
Mwacheni. Nilipofiwa na mume wangu, hata matangazo ya redio yalikuwa yananisema mimi.

Mwalimu_wa_Zamu
Mazoezi tulianza mwezi wa kwanza. Mchezo ulitangulia, msiba ukaufuata. Barabara siitaji, mama yangu bado anapita pale.

Bi_Mkubwa77
Pole sana mwanangu. Sasa sikiliza, maana Shemasi amekutisha bure. Priam hakuomba msamaha. Alileta fidia, akasema: mkumbuke baba yako, mzee kama mimi. Achilles akamkumbuka Peleus, baba asiyekuja kumwona tena mwanawe. Wakalia wote wawili, mmoja akimlilia Hector, mwenziwe mara babaye, mara Patroclus. Na ukali haukumtoka! Priam alipoharakisha kudai maiti, Achilles alimkaripia. Akaagiza maiti ioshwe pembeni, baba asije akaiona akafoka, naye Achilles asije akashindwa kujizuia akamuua. Kajijua, ndipo akauwahi mkono wake mwenyewe. Kisha akaiinua maiti yeye mwenyewe, akailaza kwenye machela, huku akimwomba Patroclus asikasirike. Akampa mzee siku 11 za maombolezo, vita viendelee ya 12 ikibidi. Hakuna aliyemlazimisha kumpenda mtu.
Huyo mzee wa barazani, alisema anataka nini?

Mwalimu_wa_Zamu
Sikuwahi kuuliza. Ngoja nimwamshe mama.

Mpelelezi_Kitaa
Mama analala saa hizi? Haya, tunasubiri.

Mwalimu_wa_Zamu
Mama anasema aliuliza kaburi la mdogo wangu liko wapi, basi. Akashukuru, akaondoka.

Kisiki
Pigano lipunguze dakika tano mkuu. Priam anatosha hapo.