Kishoka wa wagonjwa Chennai: pesa umekula, na hekalu la Thanjavur umelisingizia

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa matibabu India. Sina ugomvi na hospitali. Nina ugomvi na mtu, tena Mtanzania mwenzetu. Jina simtaji, lakini mliowahi kupanga vyumba vya wagonjwa Chennai mtamjua: anapokea watu uwanja wa ndege, anawatafutia chumba, anawabadilishia dola, na mgonjwa akiwa anasubiri majibu ya vipimo anamuuzia "ziara ya mahekalu". Mimi nilimsindikiza mama. Tumepigwa, na wazee wetu wanaendelea kupigwa.

Pesa kwanza. Hekalu la Brihadisvara, la Wahindu, pale mji wa Thanjavur kusini mwa India, halina kiingilio, si kwa Mhindi wala kwa mgeni. Unavua viatu, unamwachia mtunza viatu, unaingia. Huyu bwana alitukusanyia rupia 500 kila kichwa ndani ya gari, eti tiketi ya wageni kwa kuwa pale ni Urithi wa Dunia. Urithi wa Dunia ni kweli, UNESCO waliliandikisha mwaka 1987, lakini tiketi hakuna. Alishuka, akazunguka getini, akarudi mikono mitupu akasema tiketi wamebaki nazo. Kulikuwa na mzee anayetembea kwa magongo, yeye akatozwa na ya kiti cha magurudumu. Kiti hakikuonekana mpaka tunaondoka.

Halafu muda. Chennai hadi Thanjavur ni kama kilomita 340. Alitutoa saa 12 asubuhi, tukafika saa saba mchana, patakatifu pameshafungwa mpaka saa 10 jioni. Ndivyo ilivyo kila siku, hata muuza chai wa nje analijua hilo. Saa tisa akaanza kutuswaga tuingie garini, kwamba Madurai, mji wa hekalu lililofuata kwenye ziara, ni mbali. Kwa hiyo watu waliotoka vitandani, wengine wana mishono, walisafiri karibu siku nzima kwenda kutazama mlango uliofungwa.

Hizo ni hela, zinatafutwa. Kilichonichoma ni maneno yake mle ndani.

Alisimama chini ya mnara, ule wa graniti unaopita mita 60, akawaambia wazee kwamba mnara huo hauna kivuli, ni muujiza. Ilikuwa Januari! Kivuli kilikuwa kimelala uwanjani upande wa kaskazini, familia zimekaa humo humo zinapumzika. Thanjavur iko kama nyuzi 11 kaskazini ya Ikweta. Kati ya Aprili na Agosti jua la adhuhuri linakuwa karibu na utosi, kivuli kinaishia kwenye kitako cha mnara, na nadhani hapo ndipo hadithi ilipopata pa kushika. Januari jua liko kusini na kivuli kinaonekana na kila mwenye macho. Alikuwa anawaambia watu wazima wasiamini wanachokiona.

Akaja kwenye yule ng'ombe mkubwa wa jiwe, Nandi, fahali wa mungu Shiva. Akasema alichongwa na mfalme Rajaraja mwenyewe, aliyelijenga hekalu. Si kweli. Nandi yule ni wa enzi za watawala wa Kinayaka, zaidi ya miaka 500 baada ya Rajaraja. Siyo siri, wenyeji wanaeleza vizuri tu ukiwauliza.

Sasa hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipofika kwenye msingi wa hekalu akaona maandishi yamechongwa mstari kwa mstari, yamezunguka jengo. Akapitisha kidole, akauliza kwa heshima kabisa: "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?" Akajibiwa: "Mama, hayo ni mambo yao ya kichawi, tusogee."

Ya kichawi! Wakuu, ule ukuta ni daftari. Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa Wachola, ukoo uliotawala kusini mwa India, alikamilisha hekalu lile mwaka 1010, akaamuru yachongwe kwenye mawe yote aliyotoa yeye, aliyotoa dada yake mkubwa Kundavai, waliyotoa wake zake, na waliyotoa watu wengine. Dada yake ametajwa kabla ya wake zake. Wamo wanawake 400 wacheza ngoma walioletwa kutoka mahekalu mengine ya nchi ile, na kila mmoja ameandikwa jina lake, hekalu alikotoka, mtaa aliopangiwa na nyumba yake ni ya ngapi. Kila mmoja alikuwa na posho yake ya mpunga kwa mwaka. Wamo wapiga ngoma, washona nguo, madobi, vinyozi na wahasibu. Hata taa isiyozimika ilikuwa na hesabu yake: kondoo jike 96 kwa taa moja, wafugaji wakabidhiwe, nao walete samli ya kuiwashia kila siku.

Hicho ndicho mama alichouliza. Mwalimu aliyeita mahudhurio maisha yake yote alikuwa ameweka kidole juu ya mahudhurio ya miaka 1,000, na wewe ukamwambia uchawi. Watu wale waliandika kondoo wa taa moja, wewe risiti ya rupia 500 huna.

Na usije kusema hiyo si dini yetu. Kwenye kundi letu walikuwemo Waislamu na Wakristo, hakuna aliyekwenda kuabudu. Tunatoka nchi yenye Kilwa Kisiwani. Mgeni akipelekwa kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa akaambiwa ni magofu ya majini, tungekaa kimya?

Madurai nisiizungumze sana. Kwenye hekalu la Meenakshi aliahidi tungepiga picha mbele ya mungu huyo wa kike mwenyewe. Simu hazijaruhusiwa mle tangu mwaka 2018, baada ya moto wa Februari ulioteketeza maduka yaliyokuwa ndani ya eneo la hekalu. Unaziacha nje. Na patakatifu pa ndani hawaingii wasio Wahindu. Utaratibu ni wao na siulalamikii. Wenyewe kwa wenyewe walishagombana sana juu ya nani aingie, mpaka Julai 8, 1939 mwanaharakati Vaidyanatha Iyer alipowaingiza Wadaliti mle waliokuwa wakizuiwa kwa tabaka lao. Ninacholalamikia ni mtu kuuza picha anayojua haipigiki. Minara 14 yenye sanamu za rangi ingetosha kabisa, angesema ukweli tu.

Kwa mnaokwenda na wagonjwa: stesheni ya Egmore pale Chennai ina treni za usiku za kwenda Thanjavur. Mnafika asubuhi, hekalu liko wazi, jua bado dogo. Bajaji toka stesheni ni mwendo mfupi. Getini msimpe mtu yeyote hela ya kuingia. Mkitaka kusomewa kuta, tafuteni mwongozaji pale pale anayesoma Kitamil, lugha ya maandishi yale, patana naye bei kabla.

Nawe najua unasoma hapa, maana matangazo yako unayabandika jukwaa hili hili. Yule mzee wa magongo bado yuko Chennai, anasubiri operesheni, yuko chumba kile kile ulichompangia. Mpelekee hela yake ya tiketi na ya kiti. Akishazipata atanipigia, nami nitaandika kwenye uzi huu kwamba umelipa. Wengine mliopelekwa naye, wekeni hapa mlitozwa kiasi gani.