Naombeni ushauri: Tanga imenishinda, nihamie Korogwe?

Mama Nasri
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga mjini, nina kibanda cha uwakala wa miamala ya simu Ngamiani, zile barabara za katikati. Wiki iliyopita wezi waliingia nyumbani usiku wakakomba hela yote ya floti, ile ya kuendeshea miamala, niliyorudi nayo. Tangu hapo silali. Paka akitua kwenye bati nakaa kitako hadi adhana ya alfajiri. Kila ninayemweleza ananiambia Tanga imeharibika, vibaka wamejaa, wageni wamemiminika na bomba la mafuta. Nafikiria nihamishie biashara Korogwe, mji mdogo, watu wanajuana. Nina watoto wawili. Wanaoishi huko nijuzeni, usalama ukoje ukilinganisha na Tanga? Naomba msinitukane.

Mzee wa Chumbageni
Pole sana mwanangu. Nimezaliwa mji huu na nimezeekea hapa. Zamani baiskeli unaiegemeza ukutani, unaingia msikitini, ukitoka unaikuta na pampu yake. Siku hizi unaifunga mnyororo na bado unaswali roho juu. Lakini maneno ya watu yasikutoe mjini. Mwaka 2015, yalipotokea yale mapambano ya askari na watu wenye silaha kwenye mapango ya Amboni, ndugu zangu wa Dar walinipigia usiku kucha wakidhani Tanga nzima inaungua, nami nimelala kwangu. Mwaka uliofuata, walipouawa watu wanane kule Kibatini, hapo ndipo tuliogopa kweli, hata mtu akigonga mlango kwa heri hafunguliwi. Tukaogopa, tukakaa, mambo yakatulia. Nakumbuka jirani yangu mmoja alihamia Moshi kwa hofu ile...

Mla Urojo
Umeibiwa Tanga, na badala ya kuvuka barabara kwa waganga wetu unakuja kuuliza mtandaoni? Huyo mwizi angekuwa kesharudi kwako anabweka.

Mama Nasri
Mla Urojo, nina watoto na hela nyingine ilikuwa ya mtu. Sijaja kucheka.

Kijana wa Stendi
Dada, mimi niko Korogwe. Aliyekwambia watu wanajuana anasemea vijijini huko. Hapa mjini barabara kuu ya Dar na Arusha inapita katikati, mabasi yanashusha watu usiku, malori yanalala. Mwizi anashuka na basi la saa nane, anaondoka na la saa tisa, utamjulia wapi? Sisemi pabaya, mimi naishi na familia yangu kwa amani. Ila ukifungua uwakala karibu na stendi, jipange. Unataka maeneo gani?

Hesabu za Mtaa
Niongezee kitu, maana kila siku nasikia "uhalifu Tanga umepanda". Jiji la Tanga sensa ya 2012 lilikuwa na watu 273,332. Sensa ya 2022 ni 393,429. Mji ukiongeza zaidi ya watu laki moja, hata matukio yakiongezeka kwa idadi, lazima uyagawanye kwa watu ndipo ujue kama hatari yako wewe imeongezeka. Pili, polisi wanahesabu yaliyoripotiwa. Aliyeporwa simu ya elfu sitini akaenda zake kulala hayumo kwenye kitabu chochote. Kuna mji utaonekana una wezi wengi kwa sababu tu watu wake wanakwenda kituoni, na mwingine utaonekana msafi kwa sababu wamekata tamaa. Na mji mdogo matukio matatu ya mwezi mmoja yanatosha kuzaa jina baya la mwaka mzima. Kwa hiyo kulinganisha Tanga na Korogwe kwa maneno ya kijiweni hakukusaidii. Mama Nasri, wewe uliripoti? Una RB, ile namba ya taarifa ya polisi?

Mama Nasri
Bado sijaripoti. Nilikuwa nimechanganyikiwa.

Fundi Vitasa
Dada pole. Wameingiaje? Dirisha, mlango au bati? Umeeleza yote, hilo hujasema.

Mama Nasri
Mlango wa uani.

Fundi Vitasa
Mlango wa uani umefanywaje? Kitasa kimevunjwa, komeo limeng'olewa, au bawaba zimetolewa? Nauliza kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Ustadhi Mpole
Mimi nina swali tofauti. Mume yuko wapi? Mwanamke kufunga biashara usiku na kutembea na fedha za watu si jambo jema. Tunakimbilia kulaumu mji kumbe maisha yetu wenyewe hayana utaratibu.

Binti Pangani
Ustadhi, ameibiwa akiwa amelala ndani kwake na wanawe. Hapo utaratibu gani umevunjwa? Mama yangu ameuza samaki usiku miaka yote na ndiye aliyetusomesha. Dada, mjibu Fundi.

Mama Nasri
Mume wangu ni dereva wa malori, yuko safari ya Lubumbashi. Fundi, mlango nililala nimeufunga, na nilipoamka ulikuwa umefungwa.

Fundi Vitasa
Kwa ufunguo?

Mama Nasri
Ndiyo.

Jicho la Tatu
Naona hapa pamepikwa chai. Mwanzo "wezi waliingia wakakomba". Tumeaminishwa genge zima, wageni wa bomba, Tanga imeharibika. Sasa mlango haujavunjwa, na mwizi kaondoka akafunga kwa ufunguo kama mwenye nyumba. RB hakuna. Hela kiasi gani hatuambiwi. Ilikuwa wapi hatuambiwi. Wakala gani analala na floti yote nyumbani wakati mtaa wa pili kuna wakala wa benki? Nyuzi za namna hii zinaanzishwa kuchafua miji ya watu, kesho utaona imesambaa "Tanga si salama". Atuletee ushahidi au wasimamizi waufunge uzi.

Kijana wa Stendi
Hata mimi nimeanza kusita. Nilimuuliza anataka maeneo gani Korogwe, hajanijibu mpaka sasa.

Binti Pangani
Mtu anayetunga angetunga vizuri zaidi. Angesema mapanga na bunduki. Mpeni nafasi.

Mama Nasri
Jicho la Tatu, sijaja kuchafua mji, Tanga ndiko nilikoolewa na ndiko walikozaliwa wanangu. Umetaka nieleze, naeleza. Hela ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya nguo za watoto kabatini. Juu ya kopo kulikuwa na simu yenye laini ya uwakala na daftari la miamala. Simu iliondolewa, ikawekwa pembeni juu ya kanga, ikaachwa. Daftari likawekwa juu ya simu. Noti za elfu kumi na elfu tano zimekwenda zote. Za elfu moja na sarafu zimebaki ndani ya kopo, na mfuniko umerudishiwa. Nguo za watoto zilikuwa zimekunjwa kama nilivyozikunja. Siku ile sikupeleka benki kwa sababu asubuhi yake nilikuwa na wateja wa kutoa hela nyingi, nilihitaji keshi. Hiyo ndiyo chai yangu.

Fundi Vitasa
Dada, nani mwingine ana ufunguo wa uani?

Mama Nasri
Mimi, na shemeji yangu. Mdogo wake mume wangu, anaishi nasi tangu amalize kidato cha nne. Ndiye ananisaidia kuhesabu jioni.

Mzee wa Chumbageni
Ala! Mwanangu, hili ndilo ungetuanzia.

Mama Nasri
Shikamoo baba. Sikulianza kwa sababu sijamwona akichukua. Ni mtoto wa watu, na ukoo mzima utaniuliza nimemwonea wapi. Nikienda kituoni kuandikisha, swali la kwanza wataniuliza nani analala humo ndani. Nijibu nini? Mume wangu bado sijamwambia, yuko barabarani, sitaki aendeshe lori na kichwa kimejaa. Ndiyo maana nikaona bora nihame tu, kila kitu kiishe kimya kimya. Kijana wa Stendi, samahani, fremu nimeshapata, ni karibu na stendi kweli. Nimelipa kodi ya miezi sita.

Hesabu za Mtaa
Kwa hiyo swali lako halikuwa usalama wa Korogwe. Ulitaka tukwambie umefanya vizuri.

Mama Nasri
Nilitaka kujua wanangu watalala salama. Fremu ilikuwa inagombaniwa, mwenye nyumba asingenisubiri.

Binti Pangani
Na shemeji anabaki Tanga?

Mama Nasri
Mama mkwe anasema niende naye. Anisaidie dukani mpaka nizoee.

Binti Pangani
Dada yangu! Unaikimbia Tanga na unampakia Tanga kwenye basi!

Mla Urojo
Hapa nafuta utani wangu wa mwanzo. Pole sana dada. Ila nami niseme: msimhukumu kijana. Hiyo nyumba si ya kupanga? Aliyekaa kabla yako alirudisha funguo zote? Ndugu yangu Makorora aliibiwa hivyo hivyo, akamfukuza mtoto wa dada yake, kuja kugundua mpangaji wa zamani alikuwa anaingia kwa ufunguo wake. Mtoto yule mpaka leo hasalimiani na mjomba wake.

Mama Nasri
Sijui kama alirudisha. Sikuwahi kuuliza.

Jicho la Tatu
Nimesoma yote. Maelezo ya simu kuachwa juu ya kanga yamenirudisha nyuma, mwizi wa nje asingeiacha simu. Naondoa neno langu kuhusu uzi kufungwa. Lakini nashikilia moja: usiseme Tanga haikaliki kwa jambo la ufunguo.

Wakala wa Kange
Nami nipo kwenye kazi hii, upande wa stendi ya Kange. Watu wametaja mwizi, hakuna aliyetaja floti. Dada, keshi usilale nayo. Saa moja kabla ya kufunga, peleka keshi kwa wakala mkuu au wakala wa benki ikusomeke kwenye laini, bakiza ya kuanzia asubuhi tu. Wateja wako wa kutoa kiasi kikubwa waambie wakuarifu siku moja kabla, watazoea. Namba ya siri ya uwakala badilisha leo hii, na ukiiandika mbele ya mtu ziba kwa mkono hata awe mwanao. Kuhesabu jioni hesabu peke yako. Saa ya kufunga isiwe ile ile kila siku, sisi mawakala tunaviziwa wakati wa kufunga kuliko wakati wowote, na hiyo ni Tanga, Korogwe, Dodoma, popote. Ukienda Korogwe na mtindo ule ule wa kopo, utaibiwa Korogwe.

Hesabu za Mtaa
Na kuripoti, ripoti. Kuandikisha wizi si kumtaja mtu. Unaeleza ulichokuta, unachukua RB, wao ndio wachunguze. Kama kituo unakiogopa, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi wa kata yenu. Lakini tafadhali, usimnong'oneze jirani yeyote jina la huyo kijana. Ripoti za haki za binadamu nchini mwetu, mwaka hadi mwaka, zinaandika watu waliouawa na wanaoitwa wananchi wenye hasira kali, na wengine walikuwa wamedhaniwa tu. Yowe moja likishatoka hulirudishi.

Mzee wa Chumbageni
Naliunga mkono hili kwa mikono miwili. Na mumeo mwambie, mwanangu. Akifika kituo cha kulala, akishakula, mpigie. Akiyasikia kwa mama yake kwanza, utakuwa wewe ndiye mwenye kosa.

Mama Nasri
Asanteni. Namba ya siri nimebadilisha sasa hivi. Mume wangu nitampigia usiku huu, kasema leo wanalala Tunduma. Korogwe sijui, kodi nimeshalipa na hairudi, acheni kwanza nilale hata siku mbili nitafakari. Mama mkwe nitamjibu mume wangu akiwa kwenye simu, si peke yangu.

Fundi Vitasa
Kitasa cha uani ni cha kuchomeka ndani ya mbao au cha kubandika juu? Kama mlango ni wa mninga nitakuja na patasi. Na komeo la ndani, lile halina ufunguo, nakuwekea. Hilo hata mwenye ufunguo wa nyumba nzima hafungui toka nje.

Mama Nasri
Cha kuchomeka. Njoo Jumamosi saa nne asubuhi, nitakutumia mtaa kwa ujumbe wa faragha. Usije jioni. Saa nne shemeji anakuwepo, nataka akushikie mlango wakati unatoboa.

Fundi Vitasa
Nimekuelewa dada. Saa nne nipo. Funguo zitakuwa tatu, zote nakukabidhi wewe mkononi.