Mjadala: Aliyeshinda chumba cha uhariri aweza kuwa ndiye aliyedhulumiwa kwenye seti?

Mlinda Lango
Ndugu zangu, naomba tuijadili kwa utulivu kesi ya Blake Lively na Justin Baldoni, maana naona wengi tumekwisha kugawana kama Simba na Yanga. Baldoni aliiongoza filamu ya It Ends With Us na kuigiza ndani yake, na Lively alikuwa mwigizaji mkuu. Desemba 2024 Lively aliwasilisha malalamiko kwenye Idara ya Haki za Kiraia ya California, akidai kwamba alidhalilishwa kingono kazini na kwamba baadaye walikodiwa watu wa kumchafulia jina. Baldoni na kampuni yake ya Wayfarer walikana yote, na Januari 2025 wakamfungulia Lively na mumewe, Ryan Reynolds, kesi ya dola milioni 400. Swali langu ni hili: mtu ambaye, kwa maelezo ya Baldoni, aliingia chumba cha uhariri na kutoka na filamu mkononi, tumpime kwa mizani ileile tunayompimia kibarua wa seti asiye na pa kusemea? Sisemi kwamba anasema uongo; nasema tu kwamba mnyonge hanyang'anyi. Na tafadhali msimtupie lawama mhariri, kwa kuwa mhariri ni fundi wa kukata na kuunga, anamfuata anayemlipa.

Mkasi na Gundi
Nilikuwa nakubaliana nawe hadi nilipofika sentensi ya mwisho. Huyo unayemwita fundi wa kukata na kuunga ndiye anayekesha na saa nyingi za picha ambazo mwongozaji mwenyewe hakumbuki kuzipiga, na ndiye anayejua kwamba jicho likipepesa kabla ya neno "ndiyo", maana ya sini nzima inageuka. Kwa taarifa yako, kanuni za chama cha waongozaji cha Marekani humpa mwongozaji wa filamu ndefu wiki 10 za kutengeneza toleo lake kabla mtu mwingine hajatia mkono. Zikiisha, neno la mwisho ni la mwenye fedha, isipokuwa kwa wale wachache wenye majina makubwa waliolipata kwa mkataba. Hakuna mwigizaji anayeingia chumba kile kwa kuvunja kitasa. Hufunguliwa mlango, na anayefungua huwa na hesabu zake.

Pwani Moja
Mlango ulifunguliwa na majoka, ndugu Mkasi. Umesahau ule ujumbe uliomo kwenye kesi ya Baldoni, ambamo Lively anajifananisha na Khaleesi, yule malkia mwenye majoka wa tamthilia ya Game of Thrones, na kusema kwamba naye anayo majoka machache ya kumlinda? Mwenye majoka hapigi hodi.

Binti Saidi
Mnacheka, na Mlinda Lango anatuletea methali za kujitungia. "Mnyonge hanyang'anyi" maana yake nini, kwamba mwanamke akishakuwa na mume tajiri mwili wake unakuwa mali ya umma? Hebu tupange tarehe, kwa sababu ninyi mnasimulia kuanzia mwisho. Upigaji picha ulianza Mei 2023 huko New Jersey, ukasimama kwa sababu ya mgomo wa waandishi wa filamu. Kabla kazi haijarejea Januari 2024, upande wa Lively ulidai ulinzi kwa waraka wa vipengele 17, ikiwemo kuwapo kwa mratibu wa sini za faragha na kutolipiziwa kisasi, na Wayfarer wakaukubali. Ugomvi wa uhariri ulikuja baada ya hapo. Isitoshe, Baldoni alikuwa mwongozaji, mwigizaji mwenza na mmiliki mwenza wa kampuni iliyotengeneza filamu, yote matatu kwa pamoja. Anayekerwa na mtu kama huyo ampelekee nani shauri lake? Ngedere awe hakimu? Bahati nzuri mahakama ilishaitupa kesi ya Baldoni, kwa hiyo ukweli umejulikana.

Mlinda Lango
Dada Binti Saidi, hilo la tarehe nitalirudia nikipata nafasi. Kwanza nimjibu Mkasi, ambaye naona nimemgusa pabaya. Unasema mlango hufunguliwa, nami nakuuliza ulifunguliwa vipi. Kwa madai ya Baldoni, yeye na Wayfarer walielewa kwamba wasipomfungulia, Lively hatasimama kuitangaza filamu. Huko kwetu huo unaitwa unyang'anyi wa kalamu. Na siku ya uzinduzi, Agosti 2024, mwongozaji anasema aliwekwa na jamaa zake kwenye chumba cha chini ya jengo huku wenzake wakipigwa picha juu. Hebu niambie mnyonge hapo ni nani.

Wakili wa Kijiji
Naomba kuwasahihisha wote wawili kwa heshima. Jaji Lewis Liman aliyatupa madai ya Baldoni tarehe 9 Juni 2025, yakiwemo yale ya dola milioni 250 dhidi ya gazeti la New York Times, lililoandika habari za malalamiko ya Lively. Kuhusu huo unaoitwa unyang'anyi wa kalamu, jaji aliona kwamba kilichoelezwa hakizidi kuvutana kwa nguvu juu ya masharti ya kazi, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Kuhusu kashfa, maneno yaliyomo ndani ya malalamiko rasmi yana kinga yake. Lakini, Binti Saidi, jaji hakuamua kama udhalilishaji ulitokea au haukutokea. Kutupwa kwa kesi ya huyu si hukumu ya kesi ya yule.

Mkasi na Gundi
Hajanigusa pabaya, amenitukania kazi. Nitawapa mfano muone kwamba mhariri si koleo. Mawakili wa Baldoni walitoa video ya sini ya kucheza muziki taratibu, dakika kama 10, ambayo sauti yake haikukusudiwa kutumika kwa kuwa ingefunikwa na wimbo. Mnasikia Baldoni akisema kuna harufu nzuri, na Lively akijibu kwamba ni vipodozi vya mwili. Upande mmoja ukasema video imemsafisha, upande wa pili ukasema imemuumbua, na wote walikuwa wakitazama picha zilezile. Mimi nimeikagua bila sauti, kisha kwa sauti. Nikianza kukata sekunde chache mapema, nitawapa wapendanao. Nikichelewa kidogo, nitawapa mtu anayetafuta pa kupumulia. Ninachoshindwa kukata ni swali la nani alikuwa akizungumza pale: mhusika wa hadithi, mwongozaji, au mwenye kampuni?

Pwani Moja
Kwa hiyo umekiri kwamba unaweza kutupa chochote utakacho. Mlinda Lango, mpe mkono.

Mlinda Lango
Nampa yote miwili. Tuachane na Hollywood basi, tuulizane filamu ni ya nani: ya aliyeiota, ya aliyeilipia, au ya anayeiuza kwa sura yake?

Binti Saidi
Bado nasubiri jibu la tarehe, kaka, na sasa unabadilisha swali. Nitakuhamishia hapa nyumbani upone. Niliwahi kupaka vipodozi kwenye tamthilia moja jijini Dar es Salaam, ambako mwongozaji ndiye aliyekuwa mwenye kamera, mwenye gari na mwenye bahasha ya posho. Alizoea kuingia chumba chetu bila hodi wasichana wakibadilisha nguo, akisema anakagua rangi. Mmoja akamwambia mbele yetu, kitenge kimefungwa kifuani na brashi yangu ingali shavuni mwake, kwamba atoke kwanza. Akatoka, hata akaomba radhi. Wiki iliyofuata muswada ulikuja na badiliko: mhusika wa yule msichana amepata nafasi ya masomo Mwanza. Hadi leo hajarudi kutoka Mwanza. Hakuna aliyemfukuza, na hana karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kuajiriwa.

Wakili wa Kijiji
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inautaja unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi, lakini kwanza athibitishe kwamba ni mwajiriwa. Wakenya nao, kwa sheria yao ya 2007, humdai mwajiri sera ya maandishi juu ya udhalilishaji wa kingono akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi. Seti nyingi zetu hazifiki idadi hiyo hata ukimhesabu mama ntilie.

Pwani Moja
Na zile sini zake za mwisho, Binti Saidi, zilizokwisha kupigwa kabla ya safari ya Mwanza, zilionyeshwa?

Binti Saidi
Hazikuonyeshwa. Alibaki mgongo wake tu, kwenye sini ya harusi.

Mkasi na Gundi
Nilisoma jana usiku nikafunga simu. Si tamthilia hiyo, ila mimi pia niliwahi kupigiwa na mwenye kazi akaniambia nimpunguze dada fulani kwenye sehemu tatu, na sikuuliza sababu. Ilinichukua kama dakika 40. Mlinda Lango, ile sentensi yako kwamba mhariri anamfuata anayemlipa usiifute.