Jengo la KNCU mjini Moshi: kwa nini wazee huliita "la Wajerumani"?

Mwana_wa_Kibosho aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mnifafanulie jambo linalonitatiza kwa muda mrefu. Nimekulia Moshi, na tangu utotoni nimewasikia wazee wakiliita jengo la KNCU (chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro), lile lililo karibu na mnara wa saa, "jengo la Wajerumani". Hesabu ya miaka inakataa. Wajerumani waliondolewa Moshi na majeshi ya Uingereza mwaka 1916, ilhali KNCU ilianzishwa mwaka 1933, sasa Wajerumani wangekijengeaje makao chama ambacho hakijazaliwa? Isitoshe, ukilitazama jengo lenyewe halina udugu wowote na majengo ya Kijerumani kama boma la Bagamoyo. Ningependa kujua ni ofisi gani ya usanifu iliyolichora, na iliingiaje katika mji ambao wakati huo ulikuwa mdogo.

Penseli_na_Rula alijibu:

Wazee wako wamekosea utawala, lakini hawakukosea mtu. Jengo lilisanifiwa kati ya 1949 na 1952, chini ya Waingereza, na msanifu wake alikuwa Mjerumani aitwaye Ernst May, aliyekuwa na ofisi Nairobi.

May hakuwa msanifu wa kawaida aliyekuja kutafuta riziki makoloni. Kati ya 1925 na 1930 alisimamia ujenzi wa mji wa Frankfurt, ambako zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000 za watu wa kipato cha kawaida, nyingi zikiwa na lile jiko dogo lililopangwa kwa vipimo makini na Margarete Schütte-Lihotzky. Mwaka 1930 aliongoza kundi la wasanifu kwenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji mipya ya viwanda, Magnitogorsk ukiwemo. Mambo yalipoharibika huko, Hitler alikuwa ameshashika madaraka kwao, na mtu mwenye asili ya Kiyahudi asingeweza kurudi. Ndipo mwaka 1934 alipofika Tanganyika na kuanza kulima karibu na Arusha. Nikiri kwamba picha hiyo hunivutia kuliko zote: mpangaji wa miji mikubwa, jembe mkononi, chini ya mlima Meru.

Mwaka 1937 alihamia Nairobi na kufungua ofisi. Wateja wake wa mwanzo walikuwa walowezi, na kazi inayokumbukwa zaidi ya kipindi hicho ni nyumba za ghorofa za Delamere Avenue. Vita vilipozuka, Waingereza walimhesabu kuwa raia wa nchi adui, wakamzuilia Afrika Kusini kuanzia 1940 hadi 1942. Ofisi ndogo inayotegemea jina la mtu mmoja haiwezi kuvumilia pigo kama hilo bila kuyumba, na ilimbidi aanze karibu upya.

Bibi_Ramani alijibu:

Naomba niongeze hapo, kwa sababu sehemu ya baada ya vita ndiyo inayojibu swali la Moshi. Wateja walibadilika. Waliokuja sasa hawakuwa walowezi peke yao, bali pia jumuiya ya Waismailia, iliyompa kazi ya hospitali ya uzazi ya Aga Khan mjini Kisumu, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambao ushirika wao ulikuwa na fedha baada ya bei ya kahawa kupanda. Wachaga hawakutaka ofisi ya karani na ghala tu. Walitaka mahali pa kusoma, kukutania na kulaza wageni, na ndiyo maana ndani ya jengo lile shughuli nyingi zimepangwa pamoja, na juu kuna baraza ambalo mawingu yakifunguka unauona mlima.

Kuhusu sura yake, usitafute mapambo. Karibu na ikweta jua la asubuhi na la jioni ndilo adui, kwa hiyo ofisi ile ilijitahidi kuelekeza madirisha kaskazini na kusini, kuweka vizuia jua vya zege na kuacha upepo upite kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Hoteli ya Oceanic, Mombasa, ya miaka ya 1950, ilifuata mawazo hayohayo kwa njia ya vibaraza vinavyotazama bahari.

Mkazi_wa_Nakawa alijibu:

Shikamoo Bibi_Ramani. Sifa zote hizo nazikubali, ila tusimpake asali mtu. Katika miaka ya 1945 hadi 1947 May huyohuyo aliandaa mpango wa kupanua Kampala. Barabara zinazofuata miinuko ya vilima na nafasi za miti kati ya mitaa ni kazi nzuri, lakini makazi yaligawanywa kwa rangi: Naguru na Nakawa kwa Waafrika, Kololo kwa wengine. Sisi tunaoishi huku bado tunatembea ndani ya mchoro ule. Hata nyumba yake ya vipande vya zege vya kutundikwa, aliyoibuni mwaka 1945 kwa ajili ya Waafrika na kuipa umbo la tao, haikuenea.

Bibi_Ramani alijibu:

Marahaba, mwanangu. Unasema kweli, na tofauti iko kwa mteja. Kampala mchoro uliagizwa na serikali ya kikoloni, Moshi uliagizwa na watu wenyewe watakaolitumia jengo. Mkono uliochora ni uleule.

Mwana_wa_Kibosho alijibu:

Nawashukuru nyote. Kumbe hata kuondoka kwake, mwishoni mwa 1953 alipokwenda Hamburg, kulitokea muda mfupi tu baada ya jengo letu kukamilika. Nitamweleza babu kwamba Mjerumani alikuwepo kweli, ila aliitwa na wakulima na kulipwa kwa kahawa yao. Najua atakachouliza: gunia ngapi?