Naomba ushauri, hesabu zinanimaliza chuoni

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Tanga hapa, nimepanga Ngamiani, nasoma kompyuta mwaka wa pili. Kukodi (kuandika programu) niko fresh kabisa ila hesabu nimekula sapu (mtihani wa marudio) mara mbili. Mfano induksheni (unaonyesha kanuni ni kweli kwa n=1, halafu kwamba ikiwa kweli kwa k ni kweli na kwa k+1), kuthibitisha 1+2+...+n = n(n+1)/2, ile n=1 napiga, nikifika k+1 nabaki natoa macho tu, wakati programu ya kujumlisha hizo namba naiandika dakika mbili (inauma jamani). Pasti pepa nimesolvu, diskasheni naenda, bando limeishia YouTube, nikiangalia naelewa, kwenye pepa napotea.

Sapu ni wiki tatu zijazo. Nirudie aljebra ya sekondari kwanza au nikomae na maswali ya induksheni tu? Na mliopita huku, mlikuwa mnafanyaje muda usiwaishie?